Chongo na Kengeza: Shabiki, Tamasha la Wembley na Filamu Yake

Wahenga walisema kwamba mwenye kupenda, chongo huita kengeza. Methali hii aghalabu hutumiwa kumcheka mpenzi, walakini ndani yake mna jambo jingine lisilochekesha. Mtu anayeita chongo kengeza amekwisha kuliona jicho lile. Amelitazama kwa karibu kuliko mpita njia, ambaye hakuona chongo wala kengeza kwa kuwa hakusimama kutazama. Kosa la mpenzi, basi, si upofu. Kosa lake ni jina alilolipa jambo aliloliona. Katika mambo ya sanaa mtu wa namna hii huitwa shabiki, na maoni yake yamejaa kila mahali: barazani, garini, penye vijiwe vya kahawa, na mlangoni mwa nyumba ya sinema watu wanapotoka. Wataalamu wa fasihi kwa desturi hawayahesabu. Makala haya yanakusudia kuyahesabu na kuyapima kwa mfano mmoja, nao ni maoni ya shabiki juu ya kundi la muziki wa roki la Uingereza liitwalo Queen, juu ya dakika 21 lilizopiga katika uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, na juu ya filamu ya *Bohemian Rhapsody* iliyotolewa mwaka 2018.

Mfano huu umefaa kwa sababu tatu. Kwanza, tamasha lenyewe lilinaswa kwa picha na sauti, hata mtu yeyote aweza kulirejea na kuhakikisha yanayosemwa juu yake. Pili, filamu imelitengeneza upya tamasha lile lile karibu hatua kwa hatua, kwa hiyo kazi mbili zaweza kuwekwa bega kwa bega. Tatu, mwimbaji wa kundi hilo, aliyejulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe wa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Kwa ajili hiyo shabiki wa pwani ya Afrika Mashariki ana neno lake la ziada, ambalo shabiki wa London hana.

Shabiki anayesemwa hapa si mtu mmoja mwenye jina. Ni sauti inayosikika kwa wengi. Maoni yake yaweza kukusanywa katika kauli tatu. Kauli ya kwanza ni kwamba dakika 21 za Wembley zilishinda matamasha yote ya roki yaliyopata kupigwa. Kauli ya pili ni kwamba filamu ile ni ya kweli, maana aliyeitazama bila ya kutokwa na machozi hana moyo, na wahakiki walioitia kasoro waliona haya kulia mbele za watu. Kauli ya tatu ni fupi kuliko zote: "Mercury ni wetu." Kila moja katika hizi ina ukweli wake, na kila moja imefunga ndani yake jambo lililopewa jina lisilo lake.

Kauli ya kwanza ina nguvu kuliko wanavyodhani wasioupenda muziki huu. Tamasha la siku ile, lililoitwa Live Aid, liliandaliwa na Bob Geldof na Midge Ure ili kuchanga fedha kwa ajili ya watu wa Ethiopia waliokuwa wakifa kwa njaa. Lilipigwa katika viwanja viwili kwa siku moja: Wembley, mbele ya watu wapatao 72,000, na uwanja wa John F. Kennedy huko Philadelphia, Marekani. Televisheni ililipeleka katika nchi nyingi za dunia. Kila kundi lilipewa muda wa dakika 20 hivi, kisha lipishe. Queen walipanda jukwaani jioni, jua la Julai likingali juu. Hawakuwa na taa zao, wala moshi, wala mapambo waliyoyazoea katika matamasha yao wenyewe. Jukwaa lilikuwa la wote, vyombo vya sauti vilikuwa vya wote, na wengi katika wasikilizaji wale hawakununua tikiti kwa ajili yao. Katika hali kama hiyo mwimbaji hana pa kujificha.

Yafaa kutazama walilofanya. Walikuwa wamekwisha kufanya mazoezi kwa siku kadhaa, wakakata na kuunganisha vipande vya nyimbo sita vitoshee muda waliopewa. Walianza na kinanda na sehemu ya kwanza ya "Bohemian Rhapsody", wimbo wa mwaka 1975 ambao katika santuri unakaribia dakika 6, wakaukatiza kabla ya kufika sehemu yake iliyofanana na opera, kwa maana sehemu ile ni kazi ya studio na haiimbiki uwanjani. Wakaingia katika "Radio Ga Ga", kisha "Hammer to Fall", kisha wimbo mwepesi wa kucheza, kisha kipande cha "We Will Rock You", wakamaliza na "We Are the Champions". Mpango huu si wa bahati nasibu. Wimbo wa kwanza unamtuliza msikilizaji na kumwambia kwamba ameanza safari anayoijua. Wa pili unampa kazi ya kufanya. Wa tatu unamtikisa, wa nne unampumzisha, wa tano unamrudisha kazini, na wa sita unamchukua pamoja na wenzake wote katika sauti moja. Mtungaji wa utenzi mwema hupanga hivyo hivyo: hamchoshi msikilizaji kabla ya vita kufika, wala hammwagi njiani vita vikiisha.

Kazi aliyopewa msikilizaji katika wimbo wa pili yahitaji maelezo. "Radio Ga Ga", uliotungwa na mpiga ngoma Roger Taylor, ulitoka mwaka 1984 pamoja na filamu fupi iliyotumia picha za *Metropolis*, filamu ya Fritz Lang ya mwaka 1927. Katika filamu fupi ile umati wa watu huinua mikono na kupiga makofi mawili kila kiitikio kinapofika. Watu wa Wembley walikuwa wameyaona makofi yale katika televisheni za nyumbani kwao, kila mmoja peke yake. Siku ile wakayapiga pamoja, uwanja mzima, bila ya kufundishwa na mtu. Baadaye Mercury, ameshika kipande cha mti wa kipaza sauti usio na tako, akatoa milio isiyo na maneno, mifupi kwanza, kisha mirefu, na watu wote wakamrudishia kila mlio kama walivyoupokea. Hapana hata neno moja la maana lililosemwa katika kubadilishana huku. Lakini jambo kubwa lilitendeka: watu 72,000 walijisikia kuwa kooni mwa mtu mmoja.

Hapo ndipo shabiki anapomshinda mtaalamu. Mtaalamu aliyezoea mashairi hutwaa maneno ya wimbo, akayaandika katika karatasi, akatafuta mizani, vina na urari wa maana; na akiona maneno ni mepesi, hufunga hesabu. Kwa hakika maneno ya baadhi ya nyimbo zile, yakiwa peke yake katika karatasi, ni mepesi. Lakini mtu aliyelelewa karibu na ngoma haimpasi kukosea hivi. Ajua kwamba wimbo wa ngoma ukiandikwa peke yake huonekana mkavu kama wavu ulioanikwa, na kwamba uhai wake umo katika maji: katika kiitikio, katika mwendo wa miguu, katika subira ya mwimbaji kabla ya kulitoa neno ambalo kila mtu analingoja. Magazeti kadhaa ya muziki ya Uingereza na Marekani yaliwabeza Queen kwa miaka mingi, yakawaita watu wa mapambo na majivuno. Shabiki aliendelea kwenda kuwasikiliza. Siku ya Wembley ilionyesha kwamba katika jambo hili masikio ya shabiki yalikuwa mema kuliko kalamu za waandishi.

Walakini kauli yake bado ina dosari. Kusema kwamba tamasha lile lilishinda "yote" si kutoa maoni. Ni kula kiapo. Hakuna aliyeyahudhuria yote, wala mizani ya kuyapimia haikutengenezwa. Mtu akimwuliza shabiki sababu, kwanza hueleza alikuwa wapi siku ile na nywele zilimsimama namna gani. Akiulizwa tena kwa upole, hueleza kinanda, makofi, mti wa kipaza sauti, na jinsi wimbo wa kwanza ulivyokatwa. Jibu la kwanza ni habari zake mwenyewe. Jibu la pili ni habari za sanaa. Uhakiki huanza penye jibu la pili, na shabiki analo tayari. Haba aliyopungukiwa ni mtu wa kumwuliza mara mbili.

Kauli ya pili ndiyo nzito. Filamu ya *Bohemian Rhapsody* ilianza kuongozwa na Bryan Singer, akaachishwa kazi Desemba 2017, na Dexter Fletcher akaimaliza. Rami Malek ndiye aliyeigiza Mercury. Wahakiki wa magazeti waligawanyika juu yake, lakini watazamaji waliijaza nyumba za sinema, na mapato yake duniani yalipita dola milioni 900. Mwaka 2019 ilipata tuzo nne za Oscar: ya mwigizaji bora kwa Malek, ya uhariri wa filamu, na mbili za kazi ya sauti. Shabiki hutaja hesabu hizi kama mtu atajaye hukumu ya mahakama. Lakini fedha zilizolipwa mlangoni huthibitisha kwamba watu walipenda. Hazithibitishi kwamba walichokipenda ni kweli.

Filamu inasimulia hivi. Mercury anashawishiwa na fedha ili atoe santuri zake mwenyewe, anawaacha wenzake kwa maneno makali, na kundi linakufa. Anaishi na wabaya, anakosa usingizi na marafiki. Kisha anarudi kwa wenzake kuomba radhi. Anatambua kwamba ameambukizwa virusi vya UKIMWI, anawaeleza habari ya ugonjwa katika siku za mazoezi, wanakumbatiana, na hapo wanakwenda Wembley. Anayetazama tamasha katika filamu, kwa hiyo, anatazama kuaga kwa mtu anayejua kwamba atakufa. Machozi hayana budi kutoka.

Maisha yalikwenda vingine. Kundi halikuvunjika. Lilitoa santuri ya *The Works* mwaka 1984, likasafiri nayo. Januari 1985 lilipiga Rio de Janeiro mbele ya umati mkubwa, na Mei mwaka huo huo lilikuwa Japani, miezi miwili tu kabla ya Wembley. Santuri ya Mercury peke yake ilitoka Aprili 1985, lakini haikuwa usaliti wala jambo geni, kwa kuwa Roger Taylor alikwisha kutoa zake mbili, mwaka 1981 na mwaka 1984. Na juu ya ugonjwa, waliokuwa karibu na Mercury huiweka habari yake katika mwaka 1987, miaka miwili baada ya tamasha. Yeye mwenyewe alitangaza kwa ulimwengu tarehe 23 Novemba 1991, akafa kesho yake. Mtu aliyeimba Wembley tarehe 13 Julai 1985 hakuwa akiaga. Alikuwa mtu wa miaka 38 aliyekuwa kazini.

Shabiki ana jibu, na jibu lake si la kipumbavu. Husema kwamba filamu si kitabu cha tarehe, na kwamba msimulizi ana ruhusa ya kupanga mambo upya. Ruhusa hiyo ipo. Tenzi za vita za pwani zimetia maneno vinywani mwa mashujaa ambayo hakuna aliyeyaandika siku yalipotamkwa, na msomaji mwenye akili hazilaumu. Filamu hii nayo ina mabadiliko mengi yasiyodhuru: "We Will Rock You", wimbo wa mwaka 1977, unaonekana ukitungwa miaka michache baadaye, Jim Hutton, mwenzi wa Mercury aliyekuwa kinyozi, anafanywa mtumishi katika karamu. Mtu anayeikosoa filamu kwa mambo haya anahesabu chembe za mchanga. Suala la mhakiki si kwamba msimulizi amebadili au hakubadili. Suala ni kwamba badiliko lake linasema nini.

Badiliko la tarehe ya ugonjwa linasema mambo mawili, na yote mawili ni mabaya. La kwanza ni juu ya sanaa. Linasema kwamba Mercury aliimba vile siku ile kwa sababu alikuwa mtu wa kufa. Lakini shabiki mwenyewe, katika kauli yake ya kwanza, alionyesha asili ya uimbaji ule: miaka 15 ya kupanda majukwaani tangu kundi lilipoundwa mwaka 1970, siku za mazoezi, nyimbo zilizokatwa kwa akili, sauti iliyojua kungoja. Filamu inaitwaa kazi hii yote, inaipokonya jina lake, na kuukabidhi ugonjwa. Ni kama mtu anayeona jahazi limeshinda mashindano, akasema limeshinda kwa kuwa nahodha alikuwa na homa. Aliyependa tamasha ilimpasa awe wa kwanza kukasirika. Badala yake alilia, na katika kulia kwake akakubali kwamba mwimbaji mzima wa mwili asingaliweza kuimba vile.

La pili ni juu ya ugonjwa wenyewe. Tazama mpango wa filamu: mtu anaiacha jamaa yake, anafuata wabaya, anapata ugonjwa, anatubu, anasamehewa, anaimba. Hayo si masimulizi ya ugonjwa. Ni mahubiri, na ndani ya mahubiri hayo UKIMWI ni mshahara wa mwenendo. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kulitazama jambo hili kwa macho makali. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi ugonjwa ulitajwa kwa majina ya mafumbo. Watu walificha wagonjwa wao chumbani, wakazika kwa minong'ono, wakaona haya kwenda kupimwa, kwa sababu jamii ilikwisha kuamua kwamba aliyeugua alihukumiwa. Aibu ile iliua watu ambao dawa au ushauri ungaliwafaa. Filamu ya mwaka 2018, iliyotengenezwa na watu waliokuwa na elimu yote ya ugonjwa, ilirudia kisa kile kile cha kale kwa muziki mtamu. Hapo ndipo jicho lililo chongo lilipoitwa kengeza.

Haki yadai kwamba mema ya filamu nayo yatajwe. Malek alijifunza mwendo wa Mercury hata wa ncha za vidole. Jukwaa la Wembley lilijengwa upya katika kiwanja cha ndege cha zamani, na vikombe juu ya kinanda vikawekwa palipokuwa pake. Lakini kazi hii njema ndiyo inayofichua kasoro. Mtu akitazama picha zilizonaswa mwaka 1985, huona jukwaa na watu, watu na jukwaa, na nyuso zenye furaha. Akitazama filamu, kamera haitulii juu ya wimbo: inakwenda nyumbani kwa wazazi wanaotazama televisheni, inakwenda pembeni mwa jukwaa kwa wapenzi wake, inakwenda kwenye simu za wachangiaji zinazoanza kulia kwa wingi Queen wanapoimba. Watengenezaji hawakuuamini muziki. Walihitaji machozi ya watu wengine yamwonyeshe mtazamaji mahali pa kulia.

Habari ya simu zile nayo si ndogo. Picha iliyowatikisa watazamaji siku ile wakatoa fedha ilikuwa picha ya watoto wa Ethiopia wenye njaa, iliyoonyeshwa baada ya David Bowie, aliyefuata jukwaani baada ya Queen na aliyeacha wimbo wake mmoja ili nafasi ipatikane. Katika filamu watoto wale hawana sura. Njaa ya nchi jirani ya Kenya imekuwa pazia la nyuma, na mbele yake mwimbaji anapatana na wenzake. Kuna kimya kingine kikubwa zaidi. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, katika Bophuthatswana, nchi ya bandia iliyobuniwa na serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini, wakati Umoja wa Mataifa umekwisha kuwaita wasanii waisusie nchi hiyo. Chama cha wanamuziki wa Uingereza kiliwatoza faini. Kama msimulizi alitaka kujua ni kitu gani kilichowafanya Queen wahitaji kujisafisha jina mbele ya dunia mwaka 1985, kisa cha kweli kilikuwapo. Kisa hicho kingalidai mashujaa wawe na kosa ambalo halifutwi kwa kukumbatiana. Filamu ilichagua kosa jepesi, la ugomvi wa marafiki, na shabiki aliyeyajua ya Sun City akaona afadhali asiyakumbuke.

Imebaki kauli ya tatu, kwamba Mercury ni wetu. Habari zenyewe ni hizi. Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi wa asili ya Bara Hindi, wafuasi wa dini ya Zarathustra, na baba alikuwa mtunza fedha katika kazi ya serikali ya kikoloni Unguja. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka 8 alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, ambako alianza kuitwa Freddie na kupiga kinanda katika kundi la wanafunzi. Alirudi Unguja mwaka 1963. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, jamaa yake ilihamia Feltham, karibu na London. Alisoma sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, na nembo ya Queen aliichora mwenyewe. Alipokufa, makuhani wa dini ya wazee wake ndio waliosimamia mazishi.

Shabiki wa pwani huzichukua habari hizi na kuzinyoosha. Husema kwamba kubadilishana milio na watu wa Wembley ni kiitikio cha ngoma alichokisikia utotoni, na kwamba neno la Bismillahi lililomo katika "Bohemian Rhapsody" ni mwangwi wa Mji Mkongwe. Yamkini masikio ya mtoto hubeba mengi. Lakini kufanana si kuzaana. Kupokezana sauti kati ya kiongozi na umati kumo katika nyimbo za makanisa ya Wamarekani weusi, katika nyimbo za mabaharia, na katika viwanja vya mpira. Na Mercury hakuwa mtu wa kusimulia sana habari za Unguja mbele ya waandishi. Mwenye kutaka kudai urithi huu ingempasa aonyeshe njia ulimopita, si kuuhisi tu.

Zaidi ya hayo, neno "wetu" lina deni. Mcheza kwao hutunzwa, na mwaka 2006 palikuwa na nia ya kumtunza: ilipangwa sherehe Unguja ya miaka 60 tangu kuzaliwa kwake. Wapo waliopinga kwa sababu ya dini na kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake, na sherehe ikafutwa. Mwaka 2019 nyumba ya makumbusho yake ilifunguliwa Shangani, na wageni kutoka nchi nyingi hupita mlangoni pake. Kati ya mambo haya mawili, kukataliwa kwa mwaka mmoja na kuuzwa kwa mwaka mwingine, shabiki hana budi kuchagua anasimama wapi. Hawezi kumwita Mercury wetu penye makofi ya Wembley na kumwita wao penye kitanda cha ugonjwa. Jamaa iliyoondoka mwaka 1964, dini ya watu wachache, mapenzi aliyokuwa nayo, maradhi yaliyomwua, na kosa la Sun City, yote yamo katika mtu yule yule. Anayemchukua amchukue mzima. Asipoweza, aseme kwa unyofu kwamba anachokipenda ni sauti, na sauti haina kijiji.

Ikiwa mambo ni hivyo, maoni ya shabiki yapewe cheo gani? Ni dhahiri kwamba hayastahili dharau yaliyopata mpaka sasa. Katika kesi ya sanaa shabiki ni shahidi, tena shahidi aliyekuwapo. Alisikia kabla ya wataalamu, akakumbuka kilichoimbwa cha pili na cha tano, akajua ni wapi umati ulipovuta pumzi. Mhakiki asiyemsikiliza huhukumu kesi bila ya shahidi, na hukumu ya namna hiyo hubatilika. Lakini shahidi hawi kadhi wa kesi yake mwenyewe. Mapenzi yake yanamwezesha kuona, na mapenzi hayo hayo yanamshawishi ayafiche yale aliyoyaona. Jambo jema ni kwamba dawa ya ugonjwa huu haiko mbali naye, wala haimhitaji aache kupenda. Alipoulizwa juu ya tamasha alijibu kwa kinanda, makofi na mpango wa nyimbo; ajibu vivyo hivyo akiulizwa juu ya filamu, na machozi yake yatapata mahali pake panapostahili.

Picha za siku ile ya Wembley zingalipo. Shabiki na azitazame tena dakika zile 21, bila ya filamu kichwani, na bila ya kujua mwisho wa mtu yule. Ataona mwimbaji mwenye fulana nyeupe, mwenye afya na furaha, anatokwa na jasho, anatabasamu, anaijua kazi yake. Hapana anayeaga. Yatosha.